SAFARI YA KARATASI: NAMNA YA KUPANGA MWENDO WA KUTAZAMA NYAMA WA MBUGA



Katika kikao cha Kundi la Jiografia tuligombana kidogo. Hakuna aliyepigwa, lakini sauti zilipanda mpaka wale wa darasa la jirani wakachungulia dirishani. Shauri lilikuwa hili: kama siku moja tukipata ruhusa na feza ya kwenda kutazama nyama wa mbuga, yaani tembo, mbogo, simba na viboko, tutaenda wapi, na mwezi gani? Wengine walipiga kelele: "Twende ku Pasaka, bote batakuwa mu konje!" Yaya mmoja wa mwaka wa sita akaongeza: "Nyama beko kule kila siku. Mvua itatukataza nini?" Wengine walishikilia vakansi kubwa. Mwalimu alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Basi, pangeni safari yenu kwenye karatasi kwanza. Barabara zina bariere, karatasi haina bariere."

Tuliondoka tukicheka, lakini neno lile lilitukaa rohoni. Tulitafuta katika vitabu na ramani, tukauliza watu wazima, na haya ndiyo tuliyokuta. Tunayaandika hapa kusudi kila msomaji ajue kupanga safari kama hiyo, na ajue pia juu ya nini jambo hili linatugusa sisi watoto wa Kivu kuliko wageni.

1. MVUA INAFUATA JUA

Anayetaka kuona nyama aanze kwa kujua mvua. Na anayetaka kujua mvua aanze kwa kulitazama jua.

Mahali jua linaposimama juu ya utosi, udongo unapata moto sana. Hewa ya moto inapanda, inapoa huko juu, inakuwa mawingu, na mawingu yanaleta mvua. Lakini jua halisimami mahali pamoja mwaka mzima. Kadiri ya tarehe 21 ya mwezi wa tatu liko juu ya ikweta. Mwezi wa sita liko mbali upande wa kaskazini. Kadiri ya tarehe 23 ya mwezi wa tisa linarudi juu ya ikweta, na mwezi wa kumi na mbili linafika mbali upande wa kusini. Mvua inalifuata nyuma, kama mbuzi anayefuata mchungaji, ikichelewa majuma machache.

Nchi yetu ni kubwa, na ikweta inaikata. Kwa hiyo mvua zake hazifanani.

Kule kaskazini, katika parke ya Garamba, mvua inanyesha toka mwezi wa nne mpaka mwezi wa kumi na moja. Kiangazi chao ni toka mwezi wa kumi na mbili mpaka mwezi wa tatu.

Kule kusini, katika parke za Upemba na Kundelungu, ni kinyume kabisa. Mvua yao inaanza kadiri ya mwezi wa kumi au wa kumi na moja, inaisha mwezi wa nne. Kiangazi ni toka mwezi wa tano mpaka wa tisa.

Katikati, ikweta inapita ndani ya parke ya Virunga yenyewe, karibu na Ziwa Edward. Pale jua linapita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, basi mvua nazo ni mbili, na viangazi ni viwili: kifupi katika mwezi wa kwanza na wa pili, na kingine toka mwezi wa sita mpaka wa nane.

Sisi wa Bukavu tuko kusini kidogo ya ikweta. Mvua yetu inaanza mwezi wa tisa, wakati tunaponunua madaftari, na inaendelea mpaka mwezi wa tano. Mama zetu wa shamba wanajua hesabu hii pasipo kuona ramani. Sisi tunaisoma, wao wanaipanda.

2. JUU YA NINI WENGI WANACHAGUA KIANGAZI

Kwanza, majani. Wakati wa mvua majani ya mbuga yanapanda marefu kupita kichwa cha mtu. Simba anaweza kulala metre kumi toka barabara usimwone. Kiangazi majani yanakauka, yanalala, na mengine yanaungua. Kisha majani mapya mafupi yanachipuka kwenye majivu, na swala wanakuja kuyala.

Pili, maji. Wakati wa mvua kila shimo ni kisima, na nyama wanatawanyika kila mahali. Kiangazi visima vinakauka, inabaki mito na maziwa tu. Hapo usiwatafute nyama. Keti karibu na maji, nao watakuja kwako.

Tatu, barabara. Udongo mweusi wa mbuga ukinyeshewa unakuwa kama sabuni. Gari linazama, na abiria wanakuwa wasukumaji.

Nne, mbu. Mahali penye maji mengi yaliyosimama mbu wanaongezeka, na mbuga iko chini ambako malaria ni kali kuliko kwetu mlimani.

Katika mtaa wetu kuna mzee mmoja aliyekuwa shofere wakati wa ujana wake, akisafirisha wageni toka Goma mpaka Rwindi. Tulikwenda kumwuliza. Alitupa viti, akafikiri kidogo, akasema: "Batoto, mukienda na mvua kubwa, mutaona majani na matope, mutarudia mukisema papa alibadanganya. Mukienda mwezi wa saba, muamuke asubuhi mbele ya jua. Saa sita ya muchana hata simba anatafuta kivuli. Mwenye usingizi hataona kitu."

Neno hilo la saa tuliandike sana. Watu wengi wanachagua mwezi vizuri, kisha wanapoteza safari kwa kulala. Saa za kutazama ni toka saa kumi na mbili mpaka saa tatu ya asubuhi, na tena toka saa kumi ya jioni mpaka giza.

Lakini tusidharau mvua. Wakati wa mvua nchi ni kijani, vumbi na moshi vimeoshwa, na milima inaonekana mpaka kilele. Toka mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu wanakuja ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya, kama korongo weupe. Anayependa ndege au picha za milima asifanye haraka kungojea kiangazi.

3. KILA MBUGA INA TABIA YAKE

Hapa ndipo yaya yule wa mwaka wa sita alipokuwa na haki nusu. Ziko mbuga ambazo nyama wanakaa kule kila siku, na ziko nyingine ambazo wanahama.

SERENGETI, katika Tanzania, ni mbuga ya wanaohama. Nyumbu zaidi ya milioni moja wanazunguka kila mwaka. (Si yule nyumbu mtoto wa punda na farasi. Huyu ni nyama wa pori mwenye pembe na ndevu.) Upande wa kusini, udongo umetokana na majivu ya volkano, una chumvi nzuri, na majani yake mafupi yanatia mama nguvu ya maziwa. Kwa hiyo toka mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu wako huko, na mwezi wa pili wanazaa maelfu kwa maelfu katika majuma machache. Lakini uwanda ule hauna mto wa kudumu. Mvua ikiisha kadiri ya mwezi wa tano, wanashika njia ya magharibi na kaskazini. Toka mwezi wa saba mpaka wa kumi wanavuka mto Mara wenye mamba, karibu na mpaka wa Kenya na ndani yake. Mvua ndogo za mwezi wa kumi na moja zinawarudisha kusini. Basi anayekwenda kusini ya Serengeti mwezi wa nane ili aone nyumbu wakizaa, amekosa mwezi na amekosa mahali.

RWINDI NA ISHANGO, katika parke yetu ya Virunga, ni mbuga ya wanaokaa. Mito Rwindi na Rutshuru inashuka toka milimani pasipo kukauka na kuingia katika Ziwa Edward, na kule Ishango mto Semliki unatoka ziwani na kwenda kuongeza maji ya Nili. Kwa sababu maji hayakosekani, viboko, mbogo, tembo, nyamera na swala wanaoitwa kob hawana haja ya kwenda mbali kama nyumbu. Kiangazi ni bora pale kwa ajili ya majani na barabara, si kwa ajili ya kufuata msafara. Lakini angalia: twiga na punda milia hawako Rwindi. Wengi wetu tulidhani kila mbuga ina twiga.

GARAMBA ndiyo parke pekee katika nchi yetu yenye twiga. Ilianzishwa mwaka 1938. Zamani ilikuwa na vifaru weupe wa kaskazini, lakini majangili waliwamaliza. Mwaka 2023 vifaru weupe 16 wa aina ya kusini waliletwa kule toka Afrika ya Kusini.

UPEMBA, iliyoanzishwa mwaka 1939 kule Katanga, ina punda milia wa mwisho katika nchi yetu.

AKAGERA, katika Rwanda upande wa mashariki, ilianzishwa mwaka 1934. Ina tembo, mbogo, punda milia, viboko na maziwa mengi, hata twiga waliopelekwa kule toka Kenya mwaka 1986. Wakati wake mzuri ni toka mwezi wa sita mpaka wa tisa.

KAHUZI-BIEGA iko karibu nasi, kadiri ya kilometre 30 toka mjini mpaka Tshivanga. Lakini hiyo ni msitu wa mlima, si mbuga. Ngagi, yaani gorila, hafuati mvua kama nyumbu, anakaa mwaka mzima. Mvua inabadilisha tu njia: utaanguka mara nyingi zaidi.

4. KALENDA YETU YA MASOMO

Mgeni wa Ulaya anachagua mwezi anaotaka. Mwanafunzi anachagua kati ya konje tatu tu. Tuzipime.

(a) Noeli. Kule Garamba kiangazi kimeanza. Kusini ya Serengeti nyumbu wameanza kukusanyika, lakini watoto bado hawajazaliwa. Rwindi mvua inaanza kupungua, na kiangazi kifupi kiko karibu. Konje hii ni ya katikati.

(b) Pasaka. Hii ndiyo mbaya kuliko zote kwa upande wetu. Mwezi wa nne mvua iko Rwindi, iko Akagera, iko Serengeti, na inaanza Garamba. Wandugu waliopiga kelele "ku Pasaka" watusamehe.

(c) Vakansi kubwa. Mwezi wa saba na wa nane ni kiangazi Rwindi, Akagera na Upemba, na nyumbu wako njiani kwenda mto Mara au wamefika. Ni Garamba tu ambayo iko katikati ya mvua yake. Konje hii inashinda.

Ndivyo ugomvi wetu ulivyokwisha. Haukumalizwa na aliyepiga sauti kubwa, umemalizwa na jua.

5. HESABU MBELE YA NDOTO

Mwezi ukijulikana, maswali mengine yanafuata. Tunashauri yaandikwe kwa utaratibu huu:

Moja: Njia iko salama? Hili linatangulia feza. Tunaandika wazi, kwa sababu kila mtu wa hapa anajua. Vita vilifika Goma mwezi wa kwanza wa mwaka 2025, na Bukavu mwezi wa pili. Mbele ya hapo pia, mwaka 2018, parke ya Virunga ilisimamisha kupokea wageni kadiri ya miezi tisa baada ya mlinzi mmoja kuuawa na wageni kutekwa. Usiende kwa maneno ya "nimesikia kumetulia." Uliza wasimamizi wa parke, uliza wanaosafiri njia ile kila juma, uliza wazazi. Mmoja wa hao watatu akikataa, kaa nyumbani.

Pili: Karatasi ziko? Anayekwenda Akagera anavuka mto Ruzizi, anapita msitu wa Nyungwe mpaka Kigali, kisha anaendelea mashariki. Anahitaji karatasi ya kuvuka mpaka, ruhusa ya wazazi, na karte ya chanjo ya homa ya manjano. Ajue pia kama mpaka umefunguliwa, na saa ngapi unafungwa.

Tatu: Feza. Kundi likodi gari moja kubwa, si ndogo tatu. Gawanya bei kwa watu walioandika jina NA kulipa, usigawe kwa walioandika jina tu. Safari nyingi za vijana zimekufa kwa kosa hili dogo. Uliza kiingilio cha parke, chakula, malazi na mafuta. Halafu weka kando kidogo kwa jambo lisilotazamiwa, kwani gari halina huruma.

Nne: Afya na nguo. Rwindi na Ziwa Edward ziko kadiri ya metre 600 chini ya Bukavu. Joto ni lingine na mbu ni wengine. Beba chandarua, shati la mikono mirefu, kofia, na maji ya kunywa. Vaa rangi za udongo. Lakini beba pia sweta, maana gari linalotoka alfajiri lina baridi.

Tano: Adabu. Usishuke garini mahali pasiporuhusiwa. Usipige honi. Usisimame kati ya kiboko na maji, wala kati ya tembo na mtoto wake. Usiache mfuko wa plastiki. Nyama si watu wa sinema, hawachezi kwa ajili yetu. Ni sisi tumeingia katika nyumba yao.

6. JAMBO LILILOTUUMIZA

Tungeweza kumaliza hapa. Lakini yule mzee shofere, tulipomwaga, alituuliza swali: "Na viboko ya Vitshumbi, beko bangapi sasa?" Hatukujua. Tukarudi kutafuta, na jibu lilituhuzunisha.

Parke ya Virunga ilianzishwa tarehe 21 ya mwezi wa nne, mwaka 1925, kwa jina la Parke Albert. Ndiyo parke ya taifa ya kwanza katika Afrika yote. Imekwisha kutimiza miaka mia moja. Katika miaka ya 1970 ilikuwa na viboko zaidi ya 25,000, wengi kuliko mahali po pote duniani. Mzee anasema usiku kelele zao zilizuia wageni kulala. Zikaja vita za miaka ya 1990 na zile zilizofuata. Watu wenye bunduki waliwaua kwa ajili ya nyama na meno. Mwaka 2005 viboko walikuwa hawafiki 1,000.

Mtu anaweza kusema: "Ni nyama tu. Watu walikufa pia." Ni kweli, na watu wanapita nyama. Lakini sikilizeni namna mambo yanavyofungana. Usiku kiboko anatoka majini, anakula majani kadiri ya kilo 40. Mchana anarudi majini na kuacha mavi yake humo. Mavi yale yanalisha mimea midogo na wadudu wa maji, navyo vinalisha tilapia. Tilapia analisha wavuvi wa Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge, na watoto wao wanasoma kwa feza ya samaki. Viboko walipokwisha, ziwa lilikosa mbolea. Ukiongeza mitumbwi iliyozidi na nyavu za macho madogo, utaelewa juu ya nini wavuvi walianza kulia. Aliyemwua kiboko alifikiri anaua kiboko. Kumbe aliiba ada ya masomo ya mtoto ambaye hamjui.

Na walinzi wa parke waliokufa Virunga wakizuia mambo hayo, toka mwanzo mpaka leo, wanapita 200. Hao ni baba za watu. Wengine wana watoto wa umri wetu.

7. JE, INAWEZA KUTENGENEZWA?

Tumeona ishara mbili.

Ya kwanza ni Akagera. Baada ya mwaka 1994 wakimbizi wengi walirudi Rwanda na ng'ombe wao, wakakosa mahali pa kukaa, na mwaka 1997 parke ilikatwa zaidi ya nusu. Simba waliisha kabisa, wengi kwa sumu ya wachungaji waliolinda ng'ombe wao. Hatuwahukumu, mtu akipoteza ng'ombe anapoteza nyumba. Lakini baadaye watu waliketi, wakapanga, wakajenga uzio kati ya mashamba na parke. Mwaka 2015 simba saba waliletwa toka Afrika ya Kusini, na mwaka 2017 vifaru 18. Simba wale wamekwisha kuzaa. Mahali palipokufa pamefufuka katika muda mfupi kuliko umri wetu.

Ya pili ni kwetu wenyewe. Mwaka 2020 tembo kadiri ya 580 walivuka toka parke ya Queen Elizabeth ya Uganda, wakaingia katika mbuga ya Virunga. Hakuna aliyewaita. Walisikia kwamba kuna majani, kuna maji, na siku zile bunduki zilikuwa zimepunguka upande ule. Tembo hawana redio, lakini wanajua kuliko sisi mahali penye amani.

8. MWISHO

Basi, wandugu, safari yetu ya karatasi imefika. Tumejifunza kwamba anayepanga safari ya mbuga anauliza mambo matatu kwa utaratibu: jua liko wapi, maji yamebaki wapi, na njia iko salama? Mhubiri aliyeandika juu ya majira katika Biblia hakuwa mtu wa jiografia, lakini angetuelewa. Noa naye hakungojea mvua ianze ndipo atafute mbao.

Pengine hatutaona Rwindi mwaka huu, wala mwaka kesho. Lakini kati yetu yuko atakayekuwa daktari wa nyama, mlinzi wa parke, fundi wa barabara, au mkubwa wa kutoa amri. Siku ile barabara ya Goma mpaka Rwindi itakapokuwa huru, asije akasema hakujua mwezi gani wa kwenda, wala ni kitu gani kilichopotea pale.

MASWALI YA KUJIPIMA
(Majibu mumpe katibu wa Kundi la Jiografia)

1. Rafiki yako anataka kuona twiga ndani ya nchi yetu wakati wa vakansi kubwa. Utamwambia nini, na juu ya nini?
2. Kwa nini nyumbu wa Serengeti wanahama, na viboko wa Ziwa Edward hawahami?
3. Ulizeni mzee mmoja wa jamaa yenu: zamani aliona nyama gani karibu na kijani chake au kijiji chake, na waliisha mwaka gani? Andikeni jibu lake kwa maneno yake. Tutayachapa katika karatasi inayofuata, stensili na wino vikipatikana.